Silika ndani ya kompyuta: nani anaambia atomu mahali pa kwenda?

Wengi kati yetu tulisoma kemia ku ubao tu. Tulichora atomu mu daftari, tukajibu mitihani, labo tukaiona mara chache. Leo ninapenda kueleza njia moja yenye inaruhusu mutu wa Goma, mwenye laptopu ya kawaida na umeme ya kukatika-katika, kuchunguza mambo yenye hata mikroskopu kubwa haionyeshi vizuri: ginsi atomu zinajipanga ndani ya kioo na ndani ya lava. Njia ile inaitwa dinamiki ya molekuli.

Lakini iko na mutego moja, na mutego ule njo sababu ya andiko hii. Kompyuta haijui silika. Inajua paka kanuni yenye tumeipa. Kanuni ikiwa mubaya, kompyuta itahesabu uongo kwa uangalifu mukubwa, na namba kumi nyuma ya koma.

SILIKA IKO WAPI KWETU?

Silika ni silisiumu moja ku oksijeni mbili. Iko mu muchanga, mu kioo ya dirisha, mu mawe ya lava yenye tunajengea uzio hapa Mapendo. Iko pia mu mimea. Jani ya muwa ao ya matete inakukata kidole juu mumea ilivuta silika mu udongo, kiisha ikaiweka mu ngozi ya jani sawa vijiwe vidogo sana. Sisi watu wa agro tunaita vijiwe vile fitoliti. Maganda ya mupunga nayo, ukiyachoma, sehemu kubwa ya majivu yake ni silika. Kwa jumla, silisiumu na oksijeni peke yao zinafanya karibu robo tatu ya uzito wa ganda ya dunia.

Silika iko na sura mbili kubwa. Sura ya kwanza ni kristali, kama kwarsi. Ni shamba ya maharagwe yenye ilipandwa kwa kamba: ukishajua mistari mbili za kwanza, unaweza kutembea macho yamefungwa mupaka mwisho wa shamba. Sura ya pili tunaiita silika amofu: kioo, fitoliti, majivu ya mupunga yenye haikuchomwa kwa moto mukali sana. Ile ni shamba yenye mama alipanda kwa mukono wenye umezoea, bila kamba. Kati ya shina na jirani yake nafasi iko karibu sawa kila mahali, lakini ukitafuta mustari, haiko.

Tuingie ndani zaidi. Mu sura zote mbili, kila silisiumu inazungukwa na oksijeni ine. Wazia mafiga matatu chini na sufuria juu: vile vitu vine ni oksijeni, na moto katikati ni silisiumu. Kutoka silisiumu mupaka oksijeni ni karibu 0,16 nanomita, mu kwarsi na mu kioo. Kila oksijeni inashikwa na silisiumu mbili. Ni daraja kati ya jiko na jiko. Tofauti inatokea pale ku daraja. Mu kioo, pembe ya daraja inabadilika kidogo kutoka mahali moja kwenda ingine, na ile kidogo inatosha kupoteza mustari wote. Mu 1932 Zachariasen aliandika wazo hii vizuri: kioo ni wavu wenye vifundo vya aina moja na vya kristali, lakini wavu wenyewe haujirudii. Matokeo unaweza kuyapima ku mizani: kwarsi iko na gramu 2,65 kwa sentimita kubiki, kioo ya silika safi iko na 2,20 tu.

Kwa kristali, miali ya X inatuonyesha mahali pa kila atomu. Kwa kioo, miali ile ile inatoa wastani: umbali wa kawaida, idadi ya majirani. Mahali pa kila moja haijulikani. Njo pale kompyuta inaingia.

MULIMA, MAJI NA RAMANI

Unaweka ndani ya kompyuta atomu elfu moja ao elfu kumi mu sanduku ndogo. Kwa kila atomu unauliza: inavutwa na nani, inasukumwa na nani, kwa nguvu gani? Ukijua nguvu, sheria ya Newton inakuambia itatembea namna gani. Unaisogeza kidogo sana, kwa muda wa femtosekunde moja. Femtosekunde ni hii: chukua sekunde, igawanye mu vipande bilioni moja, kiisha kila kipande ukigawanye tena mu vipande milioni moja. Unahesabu nguvu upya, unasogeza tena. Hatua milioni moja zinafanya nanosekunde moja. Ni kazi ya uvumilivu, na kompyuta haichoki.

Sheria ya Newton haina ubishi hapa. Ubishi wote uko ku neno "nguvu". Nguvu inatoka wapi?

Fikiri milima ya Masisi. Mutu akikupa ramani yenye mistari ya urefu, hauna lazima ya kungoja mvua kusudi ujue maji itapita wapi. Mahali pa muteremuko mukali itakimbia, mu bonde itatulia. Kwa atomu nako tuko na ramani ya namna ile, lakini ni ramani ya nishati. Umbali kati ya atomu mbili ukibadilika, nishati inapanda ao inashuka, na atomu inavutwa kuelekea bonde. Ramani ile njo wanafizikia wanaita potensieli.

Ramani ya kweli kabisa inatoka ku elektroni, na kuzihesabu elektroni kwa fizikia ya kwantumu ni bei kali. Mashini kubwa zinamaliza siku nyingi juu ya atomu mia chache kwa muda mufupi sana wa tembeo. Basi watu wanachora ramani rahisi yenye inafanana na ile ya kweli mahali penye inawapendeza. Kila moja wa wale wachoraji alichagua cha kuonyesha na cha kuacha. Mutu mwenye anatumia ramani bila kuuliza kiliachwa nini, atajenga nyumba mu njia ya maji.

RAMANI YENYE INAJULIKANA SANA

Mu 1976 Woodcock, Angell na Cheeseman walikuwa kati ya watu wa kwanza kuiga kioo ya silika kwa njia hii. Mu 1988 watafiti wa Japani, Tsuneyuki na wenzake, walitoa kanuni yenye iliegemea ku hesabu za kwantumu. Kiisha mu 1990 van Beest, Kramer na van Santen, watafiti wa Uholanzi, walitoa ile yenye ilipata jina kutoka herufi zao: BKS. Mupaka leo ukifungua kazi juu ya kioo ya silika, utaikuta.

BKS iko na vipande tatu tu. Ya kwanza ni chaji za umeme: zenye chaji tofauti zinavutana, zenye chaji sawa zinasukumana. Shuleni tulijifunza silisiumu +4 na oksijeni −2, lakini BKS inaweka +2,4 na −1,2. Sababu iko wazi: ndani ya silika elektroni hazikuhama kabisa kwenda ku oksijeni, zinatumiwa na pande mbili. Chaji ya shuleni ni ya kuhesabia mulinganyo; hii ni ya kuhesabia nguvu. Kipande ya pili ni musukumo wa karibu: atomu mbili zikibanana, elektroni zao zinakataana, na kukataa kule kunapanda haraka sana. Kipande ya tatu ni muvuto dhaifu wenye unapungua kwa kipeo cha sita cha umbali.

Vipande vya pili na vya tatu vinafanya kazi kati ya silisiumu na oksijeni, na kati ya oksijeni na oksijeni. Silisiumu na silisiumu zinasukumana kwa chaji tu. Namba zenyewe zilitafutwa kwa pande mbili: hesabu za kwantumu juu ya kikundi kidogo cha atomu, na tabia ya kwarsi ya kweli.

Sasa angalia kitu yenye inanifurahisha kila mara. Mu kanuni ile hakuna mahali imeandikwa "jenga mafiga". Hakuna pembe, hakuna idadi ya majirani, hakuna daraja. Ni atomu mbili-mbili tu, umbali na nguvu. Lakini ukiyeyusha silika mu kompyuta na kuipoza, mafiga yanajitokeza yenyewe: karibu kila silisiumu inakuwa na oksijeni ine, karibu kila oksijeni inakuwa daraja. Ukubwa wa atomu na chaji zake zinatosha. Modeli muzuri unaijua kwa alama ile: inakupa kitu yenye haukuiweka ndani.

Na kasoro yake? Ziko. Ya kwanza ni shimo. Umbali ukikuwa mudogo kupita kiasi, ule muvuto wa kipeo cha sita unashinda musukumo, na nishati inaanguka chini bila mwisho. Ku joto ya kawaida atomu hazifiki pale, kilima inazizuia. Lakini ukichemsha silika ku Kelvini elfu kadhaa kusudi isahau mupango wake wa zamani, oksijeni moja inaweza kuruka kilima na kulala juu ya silisiumu kabisa. Ku dunia ya kweli kitu ile haipo. Watu wenye wanajua wanaongeza musukumo kidogo mu umbali mufupi, wanaziba shimo. Wenye hawajui wanaona sanduku inalipuka, wanasema programu ni mubaya.

Kasoro ya pili ni ya polepole zaidi. Kioo ya BKS inatoka nzito kidogo, karibu 2,3 kuliko 2,20, pembe za daraja zinafunguka kupita zile zenye zinapimwa, na ginsi atomu zinatetemeka haifanane vizuri na vipimo. Mwenye anatafuta umbo la wavu anaweza kuvumilia. Mwenye anatafuta rangi ya mwangaza wenye kioo inameza, apana.

CHUKUDU, MOTO NA KAMIO

Mutu akiniuliza "modeli gani ni muzuri kupita zote?", ninamurudishia swali: unabeba nini, na unaenda wapi? Ku Goma chukudu inateremusha magunia ya viazi kutoka Kibumba bila tone ya mafuta. Hakuna mwenye anaizarau. Lakini hauchukuwe chukudu kwenda Butembo.

BKS njo chukudu: rahisi, inabeba atomu nyingi, njia yake inajulikana. Ndugu yake mudogo ni kanuni ya Carré, Horbach, Ispas na Kob, ya 2008. Inaandikwa karibu sawa, lakini namba zake zilirekebishwa kwa kuangalia silika ya kuyeyuka yenye ilihesabiwa na kwantumu. Uzito wa kioo unakaribia zaidi ukweli, na bei ya hesabu haipande.

Kuna modeli zenye zinaangalia atomu tatu-tatu. Vashishta na wenzake, mu 1990, waliongeza adhabu ya nishati wakati pembe inapotoka mbali na ile ya kawaida. Hapo mafiga yanalindwa kwa amri. Aina ya Tersoff inafanya ingine: nguvu ya kifungo inategemea majirani wangapi wako pale. Ukiwa na wageni wengi, kila moja anapata sahani ndogo. Aina hii inasaidia sana kama unataka kuweka silisiumu tupu na silika mu sanduku moja, sawa ginsi inakuwa mu vipande vya simu, penye ngozi nyembamba ya silika inafunika silisiumu.

ReaxFF inaenda mbali zaidi: chaji zinahesabiwa upya kila wakati, vifungo vinaweza kukatika na kujifunga tena. Ukiwa unataka kujua ginsi maji inakula kioo, ao ginsi ufa unafunguka mahali penye kuna unyevu, chaji ya kufunga haitoshi. Lakini ReaxFF ni kamio: inakula mafuta mingi, na namba zake ni nyingi kiasi kwamba zenye zilitengenezwa kwa kazi moja zinaweza kukudanganya ku kazi ingine.

Mwisho wametokea wale wa akili ya kompyuta. Hapa hakuna mutu anachagua umbo la kanuni. Wanahesabu nishati ya mipangilio mingi kwa kwantumu, kiisha wanaacha mashini ijifunze ramani yenyewe. Erhard, Rohrer, Albe na Deringer walitoa moja ya silika mu 2022, wakailinganisha na zile za zamani. Usahihi wake unakaribia kwantumu, kwa bei ya chini sana kuliko kwantumu, lakini iko ya juu kuliko BKS. Na mazoea ya mwanafunzi yeyote inabaki pale: ukimuuliza kitu yenye hakusoma, atajibu kwa sauti ya uhakika na atakosa.

KUPOZA HARAKA

Kuna kosa moja yenye haitoki ku ramani, inatoka ku saa. Hata ukipata potensieli yenye haina dosari, itakufuata.

Kioo inapatikana kwa kupoza silika ya kuyeyuka mbele ijipange kristali. Kiwandani kupoza kunachukua dakika, masaa, siku. Mu kompyuta, nanosekunde moja ni kazi, basi watu wanapoza kwa mwendo wa Kelvini bilioni elfu moja kwa sekunde, na zaidi. Atomu hazipati muda wa kutafuta nafasi yao. Ni sawa kukausha mahindi juu ya moto mukali: ngozi imekauka, ndani unyevu umefungiwa.

Mu 1996 Vollmayr, Kob na Binder walichunguza jambo hii kwa BKS. Walipoza silika kwa myendo tofauti, wakaona uzito, pembe na idadi ya makosa ya wavu vinabadilika kufuatana na mwendo. Silika ya kweli inagandamana kuwa kioo karibu na Kelvini 1450. Ile ya kompyuta inagandamana ku zaidi ya 2500. Mutu akikuandikia "tulitengeneza kioo ya silika mu kompyuta" bila kusema mwendo wa kupoza, ni kama mukulima anakuambia mavuno bila kusema ukubwa wa shamba.

SASA TUANGALIE MULIMA WETU

Silika safi ikiyeyuka, karibu na digrii 1700 za Celsius, iko nzito ajabu, haitiririki sawa maji. Lava ya Nyiragongo nayo inakimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa ya lava ilitoka kupitia nyufa za mulima mu muda wa chini ya saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita uwanja wa ndege, ikapita katikati ya muji, ikaingia mu Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ilisimama karibu na uwanja wa ndege, na tarehe 27 Mei kartiye kumi za Goma ziliambiwa ziondoke. Mapendo ilikuwa moja yao. Hauna lazima ya kusoma fizikia kusudi ujue kwamba swali ya "lava inatiririka namna gani" ni swali ya watu na nyumba.

Wavu wa silika unatusaidia kuelewa. Anza na kioo ya dirisha. Haiko silika safi. Ni karibu 70% silika, na zingine ni soda na chokaa. Watengenezaji wanaweka soda kusudi. Sodiumu ikiingia, oksijeni moja mupya inakuja nayo, na daraja moja inakatika: mahali pa oksijeni moja yenye ilishikwa na pande mbili, unapata oksijeni mbili zenye zinashikwa kila moja na upande moja. Kalsiumu inafanya vile vile. Ukikata daraja za kutosha, wavu unalegea, na kioo inayeyuka ku joto ya chini zaidi.

Kazi yenye mutu wa kiwanda anafanya kwa makusudi, mulima wetu inaifanya yenyewe. Lava ya Nyiragongo iko na silika karibu 40% tu, na iko na sodiumu, potasiumu na kalsiumu mingi. Kuna volkano zingine za dunia zenye zinatoa mawe ya silika zaidi ya 70%: lava yao ni nzito sana, inatembea pole ao inaziba shimo mupaka inalipuka. Yetu, daraja zake nyingi zimekatika. Joto, muteremuko na mahali nyufa zinafunguka zinaongeza yao, lakini mizizi ya wepesi ule iko ku wavu.

Basi mutu mwenye roho nzuri anaweza kusema: nitachukua BKS, nitaiga lava ya Goma. Apana. BKS inajua silisiumu na oksijeni, basi. Haijawahi kusikia jina ya kalsiumu, aluminiumu, chuma wala potasiumu. Kwa mawe ya kuyeyuka ya asili, Guillot na Sator walitoa mu 2007 kanuni moja yenye inabeba silika pamoja na oksidi za titani, aluminiumu, chuma, manyeziumu, kalsiumu, sodiumu na potasiumu. Kwa nia yake inafanana na BKS, atomu mbili-mbili, lakini namba zilitafutwa kusudi uzito wa lava za aina nyingi utoke sawa. Na yenyewe iko na mipaka, sana kwa mambo ya mwendo wa polepole, kama unene wa lava ku joto ya chini, penye nanosekunde zetu hazifiki.

Na kuna mupaka moja mukubwa kuliko yote. Sanduku ya atomu elfu kumi haiwezi kukuambia mulima italipuka siku gani. Kazi ile iko ya wenye wanasikiliza matetemeko na kupima gazi, Observatoire Volcanologique de Goma na wenzao. Kila mutu mwenye alikuwa hapa mu 2021 anakumbuka ginsi uvumi ulikimbia kuliko lava. Siku moja mutu atakuja na picha za rangi za atomu, atasema "kompyuta imeonyesha". Sisi wenye tumesoma njo tunapashwa kuuliza: kompyuta iliambiwa nini?

NA UDONGO WETU?

Neno moja kwa wenzangu wa agro. Majivu na lava zikivunjika-vunjika kwa mvua na miaka, zinatoa udongo mweusi wenye tunapenda, andosoli. Ndani yake kuna alofani, mwana wa silika na alumina, na yeye hana mustari wa kristali. Alofani inashika maji mingi, lakini inashika pia fosfori kwa nguvu mupaka mumea inaikosa. Njo maana unaweza kutupa mbolea ya fosfati na maharagwe ikabaki ndogo.

Kuelewa kushika kule ku kiwango cha atomu, BKS haiwezi: hakuna maji, hakuna aluminiumu, hakuna fosfori. Kwa udongo wa mufinyanzi watu wanatumia mara nyingi ClayFF, kanuni ya Cygan, Liang na Kalinichev ya 2004, yenye inajua maji na oksidi na hidroksidi za udongo. Kama kifungo kinavunjika na kujifunga, unarudi ku kamio, ao ku kwantumu. Swali ni ile ile: unabeba nini, unaenda wapi?

KWA MWENYE ANATAKA KUANZA

Programu moja yenye inatumiwa dunia nzima ni LAMMPS, kutoka Sandia National Laboratories ya Marekani. Ni ya bure, na codi zake ziko wazi. Faili za Tersoff na za Vashishta kwa silika zinakuja ndani yake. Za BKS unaandika namba mwenyewe. Anza na sanduku ndogo, atomu mia sita hivi. Laptopu inaweza. Kila mara uandikishe faili ya kuanzia tena, juu umeme ikikatika usiku, asubuhi unaendelea penye ulifika.

Mbele ya kuomba kompyuta jambo mupya, muombe yenye unajua tayari. Uzito: inakaribia 2,20? Umbali wa silisiumu na oksijeni: karibu 0,16 nanomita? Majirani: ine kwa silisiumu, mbili kwa oksijeni? Pembe ya ndani ya mafiga: karibu digrii 109? Ikikosa pale, usiendelee. Rudia kazi na mwendo mwingine wa kupoza, uone nini inabadilika. Kama uko na nguvu, rudia na potensieli ya pili. Kitu yenye inabaki sawa mu zote mbili inaweza kuwa ya silika. Yenye inabadilika ni ya ramani.

Na ukisoma kazi ya mwingine, ao ukisikiliza mutu anatetea memwari, uliza maswali tatu: potensieli gani, na ilitengenezwa kwa kuangalia nini? Ulipoza kwa mwendo gani? Ulipima kitu gani yenye labo ilishapima? Ni maswali mafupi, hayahitaji pesa wala stashahada ya nje. Mutu mwenye alifanya kazi yake vizuri atafurahi kuyajibu.